Waasisi wakivutana, mwenye lori ndiye anayesubiri malipo

KWA takriban miaka kumi sasa, wasafirishaji wa Afrika Mashariki wamezoea kuona kampuni changa zikijiweka kati ya mwenye mzigo na mwenye gari. Zinakuja na programu ya simu, ofisi nadhifu na ahadi kwamba lori halitarudi tupu kutoka Kampala au Kigali. Baadhi zimekua, nyingine zimebadilisha kazi, nyingine zimefunga milango. Sendy ya Nairobi, ambayo Januari 2020 ilitangaza kupata dola milioni 20 kutoka kwa wawekezaji, ilifunga shughuli zake mwaka 2023.

Kampuni ya aina hiyo inapoanguka, maelezo yanayotolewa ni yaleyale: mtaji umekauka, riba imepanda, ushindani ni mkali. Yote yanaweza kuwa kweli. Lakini lipo jambo jingine ambalo wenye malori huligundua wakiwa wamechelewa, nalo ni kwamba watu walioanzisha kampuni hawakuwahi kukubaliana wao ni nani. Mmoja alidhani wameanzisha kampuni ya teknolojia, mwingine alidhani ni kampuni ya usafirishaji, wa tatu alikuwa anajenga kitu cha kuuza kwa wakubwa baada ya miaka mitano.

Jambo hilo linaweza kuonekana la wasomi. Kwa mtu mwenye magari mawili ya semi-trela na mkopo wa benki, si la wasomi hata kidogo.

Mwenye gari ni mkopeshaji

Ikumbukwe namna fedha inavyozunguka katika safari moja. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni takriban kilomita 1,170. Kabla mzigo haujafika, mwenye gari amekwisha kulipia dizeli, posho ya dereva na utingo, na matairi yanayoliwa na barabara. Mzigo ukishushwa, hati ya kukabidhi inarudishwa, ankara inapelekwa, halafu kusubiri kunaanza: siku 30, siku 45, wakati mwingine zaidi ya 60. Kwa muda wote huo mwenye gari ameikopesha kampuni iliyompa kazi. Hana dhamana mkononi wala hatozi riba, na hakuna karani wa mikopo aliyekwenda kuwapeleleza wakopaji.

Benki isingefanya hivyo. Benki ingetaka kujua wakurugenzi ni akina nani, nani anatia saini, nani anaweza kuondoka kesho. Mwenye lori anauliza bei ya tripu na tarehe ya kupakia, basi.

Mjadala juu ya waanzilishi wa kampuni si mpya. Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Gorman na Sahlman, walipowauliza wawekezaji kuhusu kampuni zilizoanguka mikononi mwao, asilimia 65 ya maanguko hayo yalihusishwa na matatizo yaliyokuwa ndani ya uongozi wenyewe, si soko wala bidhaa. Wawekezaji wana sababu zao za kuwalaumu wengine, na takwimu hiyo isichukuliwe kama msahafu. Hata hivyo, imerudiwa mara nyingi tangu wakati huo kwa sababu inafanana na kile watu wanachokiona.

Mwaka 2011 Emmanuelle Fauchart na Marc Gruber walichapisha utafiti wao juu ya waanzilishi wa biashara za vifaa vya michezo, wakaonyesha kwamba wapo wa aina tatu. Wapo wanaojiona washindani: kazi yao ni kutengeneza faida na kumpita mwenzao. Wapo wanaojiona sehemu ya kundi fulani la watu, na wanalifanyia kazi kundi hilo. Na wapo wanaojiona na ujumbe, wanaotaka biashara ibadilishe namna mambo yanavyokwenda duniani. Cha maana si majina ya aina hizo. Cha maana ni kwamba kila aina ilichagua wateja, bei na hata namna ya kutengeneza bidhaa kulingana na jinsi mwenyewe alivyojiona.

Sasa iwekwe aina hizo tatu katika chumba kimoja.

Ofisi moja, majibu matatu

Chukulia kampuni ya kuunganisha mizigo na malori iliyoanzishwa na watu watatu. Wa kwanza ni mtengenezaji wa programu. Wa pili amekulia kwenye gereji ya baba yake, anawajua madereva kwa majina. Wa tatu ametoka benki na ndiye anayezungumza na wawekezaji. Kwa miezi sita ya mwanzo mambo ni shwari, kwa sababu kila mmoja ana kazi yake na fedha ya kuanzia bado ipo.

Halafu mteja mkubwa, kiwanda cha saruji tuseme, anachelewesha malipo kwa miezi miwili. Fedha iliyobaki inatosha jambo moja tu. Je, walipwe wenye malori? Iongezwe timu ya programu ili ahadi waliyopewa wawekezaji itimie? Au ifunguliwe ofisi ya nchi ya pili, kwa sababu kampuni iliyo katika nchi mbili inaonekana kubwa kuliko iliyo katika moja?

Wa pili atasema wenye malori kwanza, maana bila wao hakuna kampuni, na ni yeye atakayekutana nao barabarani. Wa kwanza atashangaa: kwake wenye malori ni watumiaji wa programu, wapo wengi, wakiondoka hawa watakuja wengine. Wa tatu ataona wote wawili hawaelewi, kwani bila awamu ijayo ya mtaji hakutakuwa na cha kumlipa yeyote. Hakuna aliye mwongo hapo, wala mvivu. Kila mmoja anajibu kulingana na anavyojiona.

Wakati wanabishana, dereva yuko Malaba. Gari limezuiliwa kwa sababu karatasi moja ya mzigo ina kosa, na mwenye gari anapiga simu. Akimpata wa pili, anaambiwa fedha ya kuegesha itatumwa jioni. Akimpata wa tatu, anaambiwa asome mkataba. Akimpata wa kwanza, anaombwa aandike malalamiko yake kwenye programu. Msafirishaji mzoefu akipata majibu matatu kutoka ofisi moja anajua kuna jambo. Mgeni katika kazi anadhani ni utaratibu wa kisasa.

Hapo ndipo utambulisho wa timu unapogusa mapato. Bei nayo inayumba, kwa kuwa anayejadiliana leo siye aliyejadiliana wiki iliyopita. Wenye magari mazuri wanaanza kuondoka kimyakimya, kwani wao wana pa kwenda, na wanaobaki ni wale wenye magari mabovu. Mizigo inachelewa. Mteja wa saruji, aliyekuwa na deni, sasa ana kisingizio cha kutolipa. Kufikia mwisho wa mwaka hesabu zinaonyesha hasara ya uendeshaji, na hakuna safu katika daftari inayosema kwamba hasara ilianzia kwenye kikao.

Ted Baker na Erin Powell walifuatilia hali kama hiyo katika biashara changa zenye waanzilishi zaidi ya mmoja, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Pale waanzilishi walipokuja na picha zinazofanana juu ya wao ni nani, mambo yalipangwa upesi. Pale picha zilipotofautiana kulikuwa na mvutano juu ya nani ataamua sura ya biashara, na baadhi wakawekwa pembeni au kuondoka.

Urafiki hautoshi

Wapo watakaosema dawa ni kuanza na watu unaowajua. Afrika Mashariki ndivyo tunavyoaminishwa tangu utotoni: anza na ndugu, rafiki wa shule, mtu wa kwenu. Noam Wasserman, aliyekusanya taarifa za maelfu ya waanzilishi Marekani na kutoa kitabu mwaka 2012, alikuta kinyume. Timu za marafiki na ndugu hazikuwa imara kama za watu waliowahi kufanya kazi pamoja. Marafiki huahirisha mazungumzo magumu kwa kuogopa kuharibu urafiki, wakagawana hisa sawa kwa sawa siku ya kwanza ili asiumie mtu, halafu ugumu unapokuja wanapoteza vyote viwili.

Matokeo hayo yana mipaka yake huku kwetu. Mtaa wa Eastleigh, Nairobi, umejengwa na Wasomali ambao wengi wao walifika wakikimbia vita baada ya serikali ya Mogadishu kuanguka mwaka 1991, na biashara yao inapita Dubai, Kampala, Juba na kwingineko kwa kutegemea ukoo na imani. Bidhaa hutolewa kwa ahadi. Mtu akivunja ahadi, habari humfuata hadi kwa wazee, na jina la ukoo mzima linaingia doa. Undugu wa namna hiyo una baraza lake, una adhabu yake, na una kumbukumbu ndefu.

Kampuni changa ya vijana waliokutana chuoni haina baraza. Inaazima maneno ya undugu, "sisi ni familia", lakini hakuna mzee wa kumwendea familia hiyo ikigombana. Kuna wanasheria tu, na mwanasheria humtetea aliyemlipa. Tofauti hiyo husahauliwa sana, na pengine ndiyo sababu ya wafanyabiashara wengi wa mpakani kuziamini kampuni hizo kwa kipimo kisichozihusu.

Helmeti za rangi ya chungwa

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa utulivu ni wa SafeBoda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 2014. Waanzilishi wake walikuwa watatu na hawakufanana: Ricky Rapa Thomson, Mganda aliyekuwa mwendesha bodaboda, Alastair Sussock, Mwingereza, na Maxime Dieudonné, Mbelgiji. Kwa nadharia ya kwamba wanaofanana ndio wanaoelewana, timu hiyo ilipaswa kuvunjika mapema.

Kilichoiweka pamoja ni jibu lililoonekana hata na mtu aliyesimama barabarani. Jina lenyewe lilisema kazi ni usalama. Kila mwendeshaji alipewa mafunzo, alivaa helmeti na kizibao cha rangi ya chungwa, na alibeba helmeti ya pili kwa ajili ya abiria. Kabla hata programu ya simu haijazoeleka, abiria wa Kampala alijua hao ni akina nani. Na kwa kuwa mmoja wa waasisi alikuwa ametoka kijiweni, swali la kama waendeshaji ni "watumiaji" au ni wenzao lilikuwa na mtu wa kulijibu ndani ya chumba.

Mwaka 2019 kampuni hiyo ilipata fedha kutoka kwa wawekezaji wakiwamo Allianz X na tawi la uwekezaji la Gojek ya Indonesia. Mwaka uliofuata ulikuwa wa mtihani. Corona ilipoingia, serikali ya Uganda ilizuia bodaboda kubeba abiria kwa miezi kadhaa. SafeBoda iliwatumia waendeshaji wake kupeleka majumbani bidhaa za wachuuzi wa masoko ya Kampala. Mwendeshaji alibaki na kazi, ingawa abiria hakuwepo. Kampuni iliyomwona mwendeshaji kama namba kwenye skrini ingeweza kuzima skrini na kungoja.

Lakini mwaka huohuo, Novemba 2020, SafeBoda iliondoka Nairobi, ambako iliingia mwaka 2018. Huko ilikuta Uber na Bolt zikipigana kwa bei. Corona iliichosha zaidi. Utambulisho uliokuwa mali Kampala haukuvuka Busia na uzito uleule, kwani mwendeshaji wa Nairobi hakuwa amekua na kampuni hiyo, naye abiria wa Nairobi alitazama nauli kwanza. Ilirejea Kenya mwaka 2024. Kwa hiyo asije mtu akadhani mshikamano wa waasisi unatosha kushinda soko. Unasaidia kampuni kujua la kufanya inapobanwa, na kujua pia lini iondoke.

Sendy ilikuwa na waanzilishi wanne, na njia yake ilikuwa nyingine. Ilianza na pikipiki za kupeleka vifurushi, ikaingia kwenye magari na malori, ikaenda kwenye kuhifadhi na kusambaza bidhaa za wengine, na pia ikawa na huduma ya kuwapatia wenye maduka bidhaa kutoka viwandani, ambayo iliifunga mwaka 2022. Kila hatua peke yake ina mantiki, na fedha za wawekezaji zilihimiza ukuaji wa haraka. Tatizo liko kwa aliye nje: mwenye lori aliyejiunga na kampuni ya usafirishaji alijikuta miaka michache baadaye anafanya kazi na kampuni ya aina nyingine kabisa, yenye wateja wengine na mahitaji mengine ya fedha. Jambo hilo linastahili kuulizwa na kila mwenye gari mara tu anapopokea barua ya "huduma mpya".

Twiga Foods nayo inafundisha kitu kidogo. Ilianzishwa mwaka 2014 na Grant Brooke, aliyekuwa mtafiti, na Peter Njonjo, aliyekuwa kiongozi katika Coca-Cola, ikianza na ndizi za wachuuzi wa Nairobi. Mwaka 2019 uongozi ulihama kutoka kwa Brooke kwenda kwa Njonjo, na malori yaliendelea kutoka asubuhi. Kupokezana kwa namna hiyo si jambo dogo. Kampuni nyingi za hapa huanguka siku mwasisi anapoachia kiti. Matatizo ya Twiga yaliyofuata, yakiwamo kupunguza mamia ya wafanyakazi mwaka 2023 na Njonjo mwenyewe kuondoka mwaka 2024, yalikuwa na sababu nyingine.

Wote wakiwa sawa, nani anaijua Rusumo?

Upo upande wa pili wa jambo hili, na unasemwa mara chache. Timu inaweza kuwa na "sisi" yenye nguvu kupita kiasi. Waasisi watano waliosoma chuo kimoja, wanaoishi mtaa mmoja na kucheka mizaha ileile, hawatagombana juu ya wao ni nani. Watakubaliana haraka, na watakubaliana pia kukosea. Hakuna kati yao aliyewahi kulala kwenye foleni ya Rusumo au Kasumbalesa, au kumtafuta wakala wa forodha saa nane usiku. Wataandika kwenye mpango wao kwamba lori litafanya tripu nne kwa mwezi, kwa sababu hesabu ya kilomita inasema hivyo, na hakuna atakayecheka.

Mpaka huzidisha tatizo. Vituo vya pamoja vya forodha kama Busia, Namanga na Rusumo vimepunguza muda wa kuvuka, na tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya, hivyo kampuni changa zinavutwa kufungua ofisi za nje mapema. Meneja wa Kigali au Lubumbashi anaajiriwa, anapewa lengo la mauzo, lakini hapewi nafasi katika lile "sisi" la makao makuu. Anaahidi wasafirishaji wa kwake jambo ambalo Nairobi au Dar es Salaam hawalitambui. Deni likikomaa, kila upande unamtuma mdai kwa mwenzake.

Nani anadaiwa

Sheria hapa haimsaidii asiyeuliza. Watu wakifanya biashara kama wabia bila kusajili kampuni, mbia anaweza kudaiwa madeni ya ubia hadi kwenye mali zake binafsi. Ndivyo ilivyo chini ya Sheria ya Ubia ya Kenya ya mwaka 2012, na kwa Tanzania masuala ya ubia yamo ndani ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Katika kampuni yenye dhima ya ukomo hali ni tofauti: inayodaiwa ni kampuni, waasisi wanaweza kutawanyika na kuanzisha nyingine. Kampuni ikifilisika Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015, wenye dhamana na wadai wenye kipaumbele, wakiwamo wafanyakazi, hutangulia. Mwenye lori mwenye ankara mkononi yuko mwishoni mwa foleni, na mara nyingi sufuria huwa imekwisha kukwanguliwa.

Kwa hiyo mazungumzo ya kabla ya tripu ya kwanza ndiyo yenye thamani, na hayahitaji mwanasheria. Msafirishaji anaweza kuwauliza waasisi wawili, kila mmoja kwa wakati wake, swali moja: mteja wenu akichelewa kulipa, nani analipwa kwanza? Majibu yakifanana, hata kama hayapendezi, kuna kitu cha kufanyia hesabu. Anaweza kuuliza nani kati yao alikuwepo mwanzo na sasa hayupo, na aliondoka kwa nini. Jibu la haraka na la wazi lina uzito kuliko jibu refu. Anaweza kutaka mkataba utaje cheo cha mtu mwenye mamlaka ya kuidhinisha malipo katika nchi ambako mzigo unashushwa, si ule unaopakiwa tu.

Na anaweza kuanza na gari moja. Wenye malori wa zamani wa ushoroba wa kati hufanya hivyo kwa mteja yeyote mpya: gari moja, tripu mbili, ankara mbili. Ya kwanza ikilipwa na ya pili ikasuasua, gari la pili halitoki Dar es Salaam.